Maji Kidogo Bafuni: Pale Bomba la Mvua Linapookoa Maji Kupita Kiasi

Maduka ya vifaa vya ujenzi siku hizi yamejaa vichwa vya bomba la mvua vyenye maandishi ya kuokoa maji. Mkazi hununua kimoja, fundi hukifunga, na siku ya kwanza ya kuoga matokeo huwa ni yale yale: vijitone vinavyodondoka karibu na ukuta, sabuni isiyotoka mwilini, na mtu wa pili anayebisha mlango akiuliza kulikoni. Lawama ya kwanza huelekezwa kwa watoa huduma ya maji, ya pili kwa fundi, na ya tatu kwa tangi. Baada ya lawama hutolewa fedha. Hujengwa mnara mpya wa tangi, hununuliwa pampu, au hubomolewa ukuta wenye vigae ili bomba libadilishwe. Mara nyingi fedha hizo huwa zimekwisha kutumika kabla mtu yeyote hajakifungua kichwa chenyewe na kutazama kilichomo ndani.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini lina uzito kwa sababu tatu. Kwanza, linawagharimu wakazi fedha ambazo hazikupaswa kutumika. Pili, baadhi ya njia zinazotumiwa kuongeza msukumo huwanyima maji majirani na huweza kuingiza uchafu katika bomba linalotumiwa na mtaa mzima. Tatu, minara iliyojengwa kwa haraka na hita za umeme zilizofunguliwa na wasio mafundi ni hatari kwa maisha. Hivyo basi, inafaa kuanza na swali la msingi: msukumo wa maji bafuni unatoka wapi?

Kinachosukuma maji

Kwa nyumba ya kawaida, majibu ni mawili. Ama msukumo unatoka katika mtandao wa umma, ambako maji yamesukumwa na pampu au yanateremka kutoka tangi kuu lililojengwa mahali pa juu. Ama unatoka katika tangi la nyumba yenyewe, ambako hakuna kinachosukuma isipokuwa uzito wa maji. Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi zina tangi lake, na bafu hulishwa na tangi hilo hata siku ambazo maji ya mtandao yapo. Mkazi wa nyumba ya namna hiyo anaweza kulalamikia msukumo wa mtandao mwaka mzima, ilhali maji ya mtandao hayajawahi kufika bafuni kwake moja kwa moja.

Kanuni ya tangi ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo huzaa msukumo wa takriban baa 1, na kila mita moja huzaa sehemu moja ya kumi ya baa. Kimo hicho hakipimwi kutoka ardhini. Hupimwa kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye matundu ya kichwa cha bomba la mvua. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Tuseme tangi limewekwa juu ya mnara wa mita 3, na maji yaliyomo yana kina cha mita 1. Usawa wa maji uko mita 4 juu ya ardhi. Kichwa cha bomba la mvua nacho kimefungwa mita 2 juu ya sakafu. Kimo kinachofanya kazi ni mita 2 tu, yaani msukumo wa baa 0.2, na tangi likikaribia kukauka hubaki mita 1. Mnara unaoonekana mrefu kutoka uwanjani huwa mfupi sana unapotazamwa kutoka bafuni.

Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Tangi la lita 5,000 na tangi la lita 500, yakiwa na usawa mmoja wa maji, yanatoa msukumo ule ule. Mkazi anayebadilisha tangi dogo kwa kubwa ili bafu lipate nguvu atapata akiba zaidi ya maji, jambo jema, lakini bafu litabaki lilivyokuwa.

Kwa nini kichwa cha kuokoa maji huelemewa

Vichwa hivi vilibuniwa kwa mazingira mengine. Nchini Marekani, sheria ya nishati ya mwaka 1992 iliweka kikomo cha galoni 2.5 kwa dakika, sawa na lita 9.5, kwa vichwa vya bomba la mvua vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 1994. Kikomo hicho hupimwa maji yakiwa na msukumo wa karibu baa 5.5. Ili tangi la nyumbani litoe msukumo kama huo, lingepaswa kuwekwa takriban mita 56 juu ya kichwa cha bomba, kimo cha jengo la ghorofa kumi na nane hivi.

Kichwa kilichotengenezwa kubana maji katika hali hiyo kikiletwa chini ya tangi lenye kimo cha mita 2, hakiachi kubana. Maji yanayopita katika tundu dogo hayapungui kwa kadiri ile ile ya msukumo. Hufuata kipeuo cha pili chake. Maana yake, ili maji yaongezeke mara mbili, kimo kinapaswa kuongezeka mara nne, na kimo kikipungua mara nne, maji hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo, kichwa chenye tundu lisilobadilika kinachotoa lita 9.5 kwa dakika katika baa 5.5 kitatoa chini kidogo ya lita 2 kwa dakika katika baa 0.2. Ndoo ya lita 10 itahitaji zaidi ya dakika tano kujaa. Hakuna kilichoharibika hapo. Kifaa kinafanya kazi iliyokusudiwa, katika nyumba ambayo mbunifu wake hakuifikiria.

Aidha, vichwa hivi havifanani. Vipo vyenye kisahani kidogo cha plastiki chenye tundu katikati, kilichofichwa nyuma ya mpira pale kichwa kinapofungwa kwenye bomba. Hivi ndivyo vingi zaidi na ndivyo vyepesi kurekebisha. Vipo vinavyovuta hewa na kuichanganya na maji ili matone yaonekane mengi na manene. Hivi huhitaji msukumo wa kutosha kuvuta hewa hiyo, na chini ya tangi la chini hugeuka kuwa mdondoko. Vipo pia vile vyenye sahani pana kama ungo, vinavyopendeza sana dukani. Sahani pana hugawa maji machache kwa matundu mengi mno, na kila tundu hubaki na tone. Kwa nyumba yenye tangi la chini, sahani ndogo yenye matundu machache na makubwa kiasi ndiyo inayofaa, hata kama si ya kupendeza.

Njia ya kuchagua ipo kwenye boksi, ingawa ni wachache wanaoisoma. Watengenezaji makini huandika msukumo wa chini unaohitajika, ama kwa baa, ama kwa megapaskali, ambayo hufupishwa MPa. Baa 1 ni MPa 0.1, na ni mita 10 za kimo. Hivyo boksi lililoandikwa MPa 0.05 linadai tangi liwe mita 5 juu ya kichwa cha bomba. Lililoandikwa baa 0.1 linaridhika na mita 1. Mkazi anayekwenda dukani akiwa amepima kimo cha tangi lake kwa futi ya fundi ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi na kifaa kitakachofanya kazi.

Kupima kabla ya kununua chochote

Kipimo kinachohitajika ni ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Ndoo huwekwa chini ya bomba la mvua, koki hufunguliwa yote, na muda wa kujaa huhesabiwa. Ikijaa kwa dakika moja, bafu linatoa lita 10 kwa dakika, na hapo hakuna tatizo la msukumo. Ikijaa kwa dakika mbili, ni lita 5 kwa dakika. Kiasi hicho kinatosha kuoga vizuri ikiwa kichwa kinafaa. Ikipita dakika tatu, kuna haja ya kutafuta sababu.

Kisha hufuata jaribio linalookoa fedha kuliko yote. Koki ifungwe, kichwa kifunguliwe na kutolewa kabisa, na ndoo ijazwe tena moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa bomba. Maji yakitoka kwa wingi na ndoo ikajaa kwa haraka, basi bomba, tangi na mtandao havina kosa, na tatizo lote liko katika kile kilichoshikwa mkononi. Maji yakiendelea kuwa dhaifu hata bila kichwa, hakuna kichwa kitakachoweza kuyatibu, hata kiwe cha bei gani. Fundi anayependekeza kubomoa ukuta kabla ya kufanya jaribio hili la dakika kumi aombwe alifanye kwanza.

Matokeo ya jaribio hili hubadilika kwa saa katika nyumba zinazolishwa na mtandao moja kwa moja. Alfajiri na jioni, watu wengi wanapofungua maji kwa pamoja, msukumo hushuka. Usiku wa manane hupanda. Kwa hiyo inafaa kupima mara mbili, saa ya matumizi mengi na saa ya utulivu, na kulinganisha na bomba la uani wakati huo huo. Bomba la uani likiwa na nguvu na bafu likiwa dhaifu, sababu iko ndani ya nyumba.

Ikionekana kwamba kosa ni la kichwa

Sababu ya kwanza ya kutazamwa ni uchafu. Kila maji yanaporudi baada ya mgao au baada ya matengenezo, huja na mchanga na kutu iliyobanduka katika mabomba. Chujio dogo lililo kwenye shingo ya kichwa hunasa takataka hizo, na baada ya miezi michache huziba nusu yake. Kulisafisha ni kazi ya mswaki wa zamani. Kuzuia ni rahisi zaidi: maji yanaporudi, yaachwe kwanza yatoke kwa bomba la uani hadi yawe safi, yakikingwa kwa ndoo ya kumwagilia au kusafishia choo, kabla ya kufungua bafu au kujaza tangi.

Sababu ya pili ni ukoko wa chokaa. Maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalisi na magnesi, huacha ukoko mweupe kwenye matundu. Wakazi wa mikoa ya kati kama Dodoma, wanaotumia maji ya visima virefu, wanaufahamu ukoko huo kutoka kwenye birika na sufuria zao. Hali kadhalika wakazi wa maeneo ya pwani na visiwani ambako maji ya ardhini yamepita katika miamba ya matumbawe. Dawa yake ni asidi ya jikoni. Kichwa hulazwa katika siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au katika maji ya ndimu, kwa saa kadhaa, kisha matundu husuguliwa kwa mswaki na kuchokonolewa kwa sindano. Kichwa kisichotaka kufunguka kinaweza kufungiwa mfuko wa plastiki wenye siki usiku kucha. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi inayodhuru mapafu, na bafu ni chumba kidogo kisicho na hewa ya kutosha.

Baada ya usafi ndipo kizuizi hutazamwa. Mpira wa ndani na chujio vikitolewa, huonekana kile kisahani cha plastiki chenye tundu. Hutolewa kwa ncha ya sindano au bisibisi nyembamba, kwa upole, ili mpira usikatike. Kisha mpira na chujio hurudishwa, uzi wa bomba huzungushiwa utepe mweupe wa kuzuia kuvuja, na kichwa hukazwa kwa mkono. Plaizi ikilazimu kutumika, kitambaa kiwekwe kati ili isikwaruze. Kisahani kilichotolewa kisitupwe. Kiwekwe kwenye droo, kwa sababu nyumba inaweza kuhamia kwenye msukumo mwingine.

Je, si kupoteza maji kuondoa kifaa kilichowekwa ili kuyaokoa? Jibu hutegemea nyumba. Katika nyumba yenye tangi la chini, tangi lenyewe ndilo linalookoa maji, na kisahani kinakuwa kizuizi juu ya kizuizi. Mtu anayeoga kwa lita 2 kwa dakika husimama dakika kumi na tano akijaribu kuondoa sabuni, na hutumia lita 30. Mwenzake anayepata lita 6 kwa dakika humaliza kwa dakika tano na kutumia lita 30 zile zile, akiwa amewahi kazini. Katika nyumba inayolishwa na mtandao wenye nguvu, hesabu ni nyingine. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga dakika tano kwa siku, hutumia lita 180 kwa kichwa cha lita 6 kwa dakika, na lita 360 kwa kichwa cha lita 12. Tofauti ni ndoo tisa za lita 20 kila siku. Kwa siku 30 ni lita 5,400, yaani zaidi ya uniti 5 katika ankara ya mwezi. Nyumba hiyo haina sababu ya kuondoa kizuizi, na ikiondoa itaona jibu katika ankara. Kwa haki, isemwe pia kwamba hakuna kichwa cha dukani kilichowahi kuishinda ndoo moja na kopo.

Ikionekana kwamba kosa ni la bomba

Katika nyumba zenye tangi, kosa linalojirudia ni bomba jembamba. Fundi hutoa bomba la nusu inchi chini ya tangi na kulifanya lilishe jiko, choo, sinki na bafu, likipita mita ishirini na kona nyingi. Kila mita na kila kona hula sehemu ya msukumo ambao tangu mwanzo ulikuwa kidogo. Bomba la robo tatu lina nafasi ya ndani ambayo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya nusu inchi, na msuguano wake kwa maji yale yale ni mdogo mara kadhaa. Tofauti ya bei wakati wa ujenzi ni ndogo. Tofauti ya gharama baada ya vigae kuwekwa ni kubwa mno. Anayejenga sasa aagize bomba la inchi moja au robo tatu kutoka tangini, na nusu inchi ibaki kwa kipande kifupi cha mwisho cha kila chombo.

Valvu nazo hutiliwa shaka mara chache kuliko inavyostahili. Ile iliyo chini ya tangi, ile iliyo karibu na dira na ile ya ukutani bafuni zikaguliwe kama zimefunguliwa zote. Si ajabu kukuta moja iliachwa nusu tangu siku ya matengenezo. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa huwa na kasoro yake: fundi akizidisha moto au akisukuma sana, plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani na kuacha njia nyembamba ambayo haionekani kwa nje. Kasoro hiyo hugunduliwa kwa kufungua kiungo kimoja baada ya kingine, kuanzia kilicho karibu na tangi.

Ipo sababu nyingine inayowatatiza hata mafundi wazoefu, nayo ni hewa iliyonaswa. Bomba likipanda juu ya lenta au dari kisha likashuka, hewa hukusanyika pale juu. Katika mtandao wenye nguvu hewa hiyo hufukuzwa. Katika tangi la mita 2 hukaa na kuziba kama kizibo. Dalili yake ni bafu lililokuwa zuri kuanza kusuasua mara tu baada ya tangi kukauka na kujazwa tena. Tiba ya kudumu ni kulilaza bomba literemke mfululizo kutoka tangini hadi bafuni, au kuweka pale juu bomba jembamba la kutolea hewa linaloishia juu ya usawa wa maji ya tangi.

Mnara, pampu na umeme

Baada ya hayo yote kushindwa ndipo mnara unapofaa kufikiriwa. Kuinua tangi kutoka mita 3 hadi mita 6 huongeza kimo kinachofanya kazi kutoka takriban mita 1.5 hadi 4.5, na maji huongezeka kwa takriban mara 1.7. Si haba, lakini mara nyingi kubadilisha kichwa na kupanua bomba huleta zaidi kwa gharama ndogo. Isisahaulike kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja, na lita 2,000 tani mbili. Uzito huo ukiwekwa juu ya mbao au matofali yasiyo na nondo, mahali ambapo watoto hucheza kivulini, unaweza kuua. Mnara unahitaji msingi na nondo zilizopimwa, na mtaalamu wa ujenzi aonwe kabla ya kuchimba.

Pampu ndogo inayojiwasha maji yanapofunguliwa ni njia nyingine, mradi ifungwe baada ya tangi la nyumba. Hutumia umeme kidogo na huweza kuongeza karibu baa moja, kiasi kinachotosha kuvifanya vichwa vingi vya kuokoa maji vifanye kazi vizuri. Ifungiwe njia ya pembeni ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe, na isiachwe ikizunguka tangi likiwa tupu, maana itaungua.

Kisichoruhusiwa ni kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtandao wa umma. Baadhi ya wakazi hufanya hivyo kwa siri nyakati za mgao, na majirani walio juu ya kilima huachwa na bomba linalopuliza hewa. Ubaya wake hauishii hapo. Pampu inaponyonya kwa nguvu, msukumo ndani ya bomba la mtaa huweza kushuka chini ya ule wa nje, na kila ufa na kiungo kilicholegea hugeuka kuwa mdomo unaonyonya maji ya mtaro na ya shimo la choo lililo karibu. Kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hiyo. Mwenye pampu mwenyewe huwa wa kwanza kuyapokea maji hayo.

Kuhusu hita za bafuni za umeme zinazopasha maji papo hapo, tahadhari ni kali zaidi. Nyingi huwashwa na msukumo wa maji unaosukuma kiwambo cha ndani. Msukumo ukiwa mdogo hita haiwaki, au huwaka na kuzima, au maji huwa ya moto kupita kiasi kwa sababu yanapita taratibu. Baadhi huja na kidude cha kupunguza maji kilichokusudiwa nyumba zenye msukumo mkubwa tu, na mafundi hukifunga bila kusoma maelekezo. Kukitoa kunaweza kumaliza tatizo, lakini kazi hiyo si ya mwenye nyumba. Kifaa chenye nguvu ya wati 3,500 hadi zaidi ya 5,000 kilicho juu ya kichwa cha mtu aliyelowa kinapaswa kuwa na waya wake wenye unene unaostahili, swichi yake, na waya wa ardhini unaofanya kazi. Kifunguliwe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, swichi kuu ikiwa imezimwa.

Tatizo likiwa nje ya nyumba

Endapo bomba la uani na bafu yote ni dhaifu, na majirani wanasema hivyo hivyo, huenda bomba la mtaa limepasuka au limeziba. Kabla ya kutoa taarifa, mkazi ahakikishe kwamba hakuna uvujaji kwake: mabomba yote yafungwe, kisha dira itazamwe kwa muda. Namba au kigurudumu kikiendelea kusogea, maji yanapotea baada ya dira, na matengenezo hayo ni ya mwenye nyumba.

Wakazi wengi bado hufika katika ofisi za halmashauri kuuliza habari za maji, na hupoteza nusu siku. Tangu mwaka 2019, kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo, huduma ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, na uendeshaji wa kila siku wa miradi hufanywa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Wanaoishi katika maeneo ya miji huhudumiwa na mamlaka ya maji ya mji husika. Asiyejua anahudumiwa na nani aangalie jina lililo juu ya ankara yake, au aulize kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye ana mawasiliano ya chombo kinachohusika. Taarifa hufanyiwa kazi upesi inapotaja namba ya dira, saa ambazo maji huwa dhaifu, nyumba za jirani zilizoathirika, na idadi ya dakika ambazo ndoo ya lita 10 ilichukua kujaa.